Mpeni Mwanafunzi Kufuli Alifungue

Ndugu walimu, nashukuru kwa kunialika tena Mtwara, ingawa naona hapa nyuso kadhaa zilizokwisha kunisikia nikiyasema haya na ambazo pengine zilitarajia jambo jipya. Sina jipya. Nitaacha kulirudia hili siku nitakapokuta usalama wa mtandaoni unafundishwa kwa njia nyingine zaidi ya kubandika makatazo ukutani na kumtaka mwanafunzi ayakariri. Makatazo anayajua, muulize, atayataja yote bila kukosea, na jioni hiyohiyo atamsomea mtu asiyemjua namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu ya mama yake, kwa sababu tu ameombwa kwa upole.

Mimi huanza na kisanduku cha mbao chenye kufuli la namba nne. Ndani naweka korosho za kukaanga, maana mchezo usio na zawadi haumshughulishi kijana wa kidato cha pili. Kila kundi hupewa karatasi inayoonyesha ukurasa wa msichana wa kubuni, Somoe wa Mikindani, wenye picha zake, salamu zake na majigambo yake. Kazi ni kulifungua kufuli lake. Wote hukimbilia siku yake ya kuzaliwa, 14 Februari, wakajaribu 1402, na kufuli likagoma. Hapo kelele hupungua, kusoma kukaanza. Mara nyingi ni yule asiyenyoosha mkono kamwe anayegundua kwamba, chini ya picha moja, Somoe ameandika kuwa hampendi mtu duniani kama mdogo wake, na chini ya nyingine, ya tarehe 9 Julai, kuwa mdogo huyo leo ametimiza miaka mitano. 0907. Kufuli linaachia.

Kundi linaloshindwa hutoa mji, kama ilivyo katika vitendawili. Kuna siku nilipewa Newala, Masasi na Tandahimba katika kipindi kimoja, na Mkuu wa Mkoa angekuwapo angepata wasiwasi. Baada ya hapo huja hesabu. Namba nne zina michanganyiko 10,000, na kwa sekunde tatu kila jaribio, kuimaliza yote huchukua zaidi ya saa nane. Anayetumia siku na mwezi wa kuzaliwa amebakiza 366, ambayo kwa kasi hiyo haifikishi dakika ishirini.

Kuna atakayesema kuwa tunafundisha wizi. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba uvumilivu umeniishia: anayetuma ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” hakupitia darasani kwangu. Isitoshe, mchezo hauishii hapo, kwani kundi lililofungua kufuli hutakiwa kumtengenezea Somoe ukurasa mpya na namba mpya, kisha kundi jingine likajaribu kulifungua kufuli lake. Wapo wanaofuta kila kitu, na wenzao huwauliza kama Somoe sasa haruhusiwi hata kumpongeza mdogo wake. Katika ubishi huo, bila mimi kusema neno, hukubaliana kwamba kosa halikuwa picha, bali kuifanya tarehe iliyo hadharani kuwa namba ya siri. Atakayenikumbusha kuwa simu haziruhusiwi shuleni atazame tena mezani: ni mbao, karatasi na kufuli.

Nilikusudia kueleza pia maandishi ya fumbo yanayovunjwa kwa kuhesabu herufi, mbinu aliyoiandika Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad, katika karne ya 9, ambayo Kiswahili hukubali upesi kwa wingi wa herufi a, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu ujumbe wa kitapeli, wafundisheni kuutuma 15040, namba ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, badala ya kuufuta kimyakimya. Na mchezo huu uchezeni kabla ya Oktoba, kabla minada ya korosho haijaanza na malipo kuingia, kwa kuwa katika nyumba nyingi za huku mwanafunzi huyo ndiye anayemsomea bibi yake kila ujumbe unaoingia kwenye simu.