Kampuni Ndogo Ambazo Hakuna Anayezitazama

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya walimu, watumishi wastaafu na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika)

Ndugu viongozi wa AMCOS, walimu wangu, wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti kanipa muda mfupi na jua linazidi kupanda, kwa hiyo niingie moja kwa moja: leo nazungumzia hisa za kampuni ndogo zilizosahauliwa sokoni, na namna ya kuzipima.

Visima vya gesi vya Msimbati, kwenye kitalu cha Mnazi Bay hapa Mtwara, mnavijua. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Kwa miaka mingi karibu theluthi moja ya uzalishaji wake ilikuwa ya kampuni ndogo iitwayo Wentworth Resources, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa London, kwenye soko la AIM la kampuni ndogo. Mali yake iliyokuwa ikiingiza pesa ni hii hii yetu. Gesi ilikuwa inauzwa, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, linatoka, deni la benki limeshalipwa. Lakini London mifuko mikubwa ya uwekezaji haiinami kuokota kampuni ya ukubwa ule. Mnunuzi mmoja mkuu wa gesi, tena shirika la serikali, nchi ya mbali, nani ajisumbue?

Desemba 2022 Maurel et Prom, Wafaransa, wakatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa pensi 32.5 kila hisa, jumla kama pauni milioni 62. Biashara ikakamilika mwishoni mwa 2023. Sasa angalieni huyu aliyeinunua kampuni ni nani: ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa kitalu kile kile. Alikuwa akiziona hesabu za visima kila siku, wakati wenye hisa wengi hawajawahi kukanyaga Mtwara.

Siwaambii kwamba ninyi mngeweza kununua hisa za London kirahisi. Na yule mzee aliyenidaka mlangoni kuhusu kiwanda cha saruji cha Dangote, mzee wangu, hisa zake ziko Lagos, na hiyo si kampuni ndogo hata kidogo. Ninachotaka ni tujiulize swali: kampuni ikisahaulika, imesahaulika kwa nini?

Soko letu la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watu wa oksijeni ya hospitali na gesi ya kuchomelea vyuma. Mpaka leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 30. Vijiweni utasikia CRDB, NMB, Vodacom, basi. TOL nani anaizungumzia? Sisemi mkainunue, mimi si dalali na silipwi kamisheni na mtu hapa. Nasema kimya hicho chenyewe ni cha kuchunguzwa.

Wako wanaodhani kila kilichosahauliwa kimedhulumiwa. Hapana. Kingine kimesahauliwa kwa haki. Mwaka 2013 soko lilifungua dirisha la kampuni ndogo na changa, Maendeleo Bank ikawa ya kwanza kuingia. Ikaingia pia Yetu Microfinance, na Desemba 2022 Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wake. Mwenye hisa pale hakufaidika chochote na udogo wa kampuni. Walimu mlionunua Mwalimu Commercial Bank mwaka 2015 kwa shilingi 500 mnajua maana ya kusubiri, naona mnacheka.

Sasa niwape mfano ninaoupenda, NICOL, kampuni ya uwekezaji. Iliorodheshwa 2008, ikaondolewa sokoni 2011 kwa kasoro za utawala na hesabu, ikarudi 2018. Watu walishaumwa, wengi hawakutaka hata kusikia jina. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu cha kuhesabika na mtu yeyote: fungu kubwa la hisa za NMB. Fungua ripoti ya mwaka, tafuta idadi ya hisa za NMB inazomiliki. Zidisha kwa bei ya NMB ya siku hiyo. Ongeza fedha taslimu na hati fungani, yaani mikopo iliyoikopesha serikali au kampuni kwa riba, toa madeni, gawanya kwa idadi ya hisa za NICOL zenyewe. Jibu ulilinganishe na bei ya NICOL sokoni. Kwa kipindi kirefu bei ya sokoni ilikuwa chini mno ya jibu hilo. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, mwalimu, wala haihitaji shahada ya fedha. Ila usiishie hapo: uliza kama uongozi utawahi kukupa wewe thamani hiyo, kwa gawio au kwa njia nyingine, ama itakaa kwenye makaratasi milele.

Kampuni ya biashara ya kawaida ni ngumu zaidi kuipima. Hapa mnanizidi, kwa sababu korosho hamnunui kwa kutazama gunia. Mnachukua sampuli, mnakata, mnaona kiini. Ripoti ya mwaka nayo inakatwa. Kurasa za mbele zenye picha za mwenyekiti anapanda mti zirukeni. Nendeni nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, yale maandishi madogo.

Tuseme kampuni ina hisa milioni 20, bei shilingi 400. Soko linaithamini shilingi bilioni 8. Mizania, yaani orodha ya mali na madeni yake, inasema mtaji wa wanahisa, yaani mali ukitoa madeni, ni bilioni 14. Mtu wa haraka ataruka: bilioni 14 kwa bei ya 8! Wewe fungua maelezo. Unakuta katika mali zake, bilioni 7 ni madai kwa wateja, pesa ambayo bado hawajalipa, na mwaka jana yalikuwa bilioni 4, wakati mauzo hayakuongezeka. Maana yake wanauza, hawalipwi. Geuza ukurasa, unakuta bilioni 2 za hayo madai ziko kwa kampuni ya mkurugenzi wao mwenyewe. Hapo sasa ile bei ya bilioni 8 unaiona ni ghali. Mambo yangekuwa kinyume, madai yanapungua, fedha benki zinaongezeka, mkaguzi hana neno, hapo ndipo pa kukaa na kalamu.

Pesa ya kazi hii isiwe ya pembejeo wala ada ya Januari, kwa maana siku ukiihitaji huenda hisa zako zisipate mnunuzi. Siyo maneno ya kutisha, ni utaratibu wa soko lenyewe. Taarifa ya kila siku ya soko inaonyesha maombi ya kununua na ya kuuza yaliyobaki bila kutimia. Itazameni kwa wiki kadhaa kabla ya kununua chochote. Kuna kampuni utakuta wauzaji wamepanga foleni na mnunuzi hakuna, siku nenda siku rudi. Bei imesimama palepale, ukidhani imetulia, kumbe hakuna biashara. Kwenye kampuni kama hizo ada za kununua na kuuza, karibu asilimia 2 kila upande, nazo zinauma.

Mama wa mbele kauliza, je, akitaka kuuza ghafla? Mama yangu, kwenye hisa hizi ghafla haipo. Unapompa dalali oda, au unapoweka kwa simu kwenye Hisa Kiganjani, programu ya soko la hisa, andika bei yako ya chini kabisa, usiseme tu uza. Na ukinunua, fanya vivyo hivyo, weka bei yako ya juu kabisa na usubiri, hata kama ni mwezi. Muuzaji mwenye shida atakuja. Na wewe uwe umeshapanga kwamba hutakuwa yeye. Haya, mwalimu pale dirishani, nimeona mkono wako.