Umeme Si Tatizo, Maji Ndiyo Kesi: Mwaka wa Tatu Bila Gridi Huku Colorado

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Sauti mnayoisikia ni ya baridi, siumwi. Nimevaa sweta mbili na koti la baba watoto juu yake. Ni saa moja asubuhi, nyuzi 24 chini ya sifuri, na kuku wananisubiri niwavunjie barafu kwenye beseni lao la maji. Wasubiri kidogo, kwanza tuongee.

Kila wiki lazima mtu aniulize: "Dada, hiyo ardhi mlipewa bure?" Jamani, hapana. Ile sheria ya kumpa mtu ekari 160 akilima na kukaa miaka 5, Lincoln aliisaini 1862, ikafutwa 1976, Alaska wakaongezewa miaka 10. Sisi tumechelewa. Hizi ekari 5 za Kaunti ya Costilla, kusini mwa Colorado, tumezinunua kwa kudunduliza. Na nguzo ya umeme iko mbali kiasi kwamba kuuvuta mpaka hapa kungetugharimu kuliko kiwanja chenyewe. Kijijini kwetu watu wameunganishiwa kwa shilingi 27,000, mimi niko Marekani nasafisha paneli kwa ufagio. Chekeni tu.

Lakini nawaambia ukweli, umeme hautusumbui. Tuko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na jua la hapa ni kali hata theluji ikiwa imetanda. Aibu yetu ilikuwa betri. Tulinunua za lithiamu tukaziweka bandani. Baridi ya kwanza ilipopiga, jua linawaka, paneli zinameremeta, halafu kidude cha kuchajia kinasoma sifuri. Baba watoto akafungua nyaya zote, akazirudisha, akaanza kuwasingizia panya. Kumbe betri hizi zikipoa kupita nyuzi sifuri hazitakiwi kuchajiwa, seli zinaharibika, ndiyo maana kinga yake ya ndani inakataa. Sasa zinakaa sebuleni kwenye boksi la mbao, nyuma ya kochi. Zinaota moto wa kuni kuliko mimi.

Haya, maji. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona lile tanki jeupe lenye vyuma juu ya trela? Likijaa ni lita 1,000, tani nzima hiyo, na barabara yetu ni ya vumbi na makorongo. Tunaenda kununua maji mjini, tunarudi mwendo wa jeneza. Tukijibana linatusukuma wiki mbili. Watoto wangu wanajua kuoga kwa kopo kuliko watoto wenu wa Dar.

Mama yangu yuko Old Moshi, kila nikipiga simu ananiuliza, "Kwani hamkingi ya mvua?" Mama, huku hata mvua ina sheria! Mpaka 2016 watu wengi wa jimbo hili hawakuruhusiwa kuikinga kabisa. Sasa unaruhusiwa mapipa mawili, jumla galoni 110, kama lita 416, tena ni ya kumwagilia bustani, siyo ya kunywa. Ile simtanki ya shangazi ya lita 5,000 hapa ni kesi. Na kisima? Kwa kiwanja kidogo kama chetu, chini ya ekari 35, kibali unachopata kwa kawaida ni cha matumizi ya ndani ya nyumba tu. Ukimwagia mchicha, au ukinywesha hao kuku, umevunja sheria. Niliisoma ile fomu nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sababu yake ni kwamba huku maji yana foleni. Aliyetangulia kuyatumia ndiye anayetangulia kupata, na mvua yako ya bati inahesabiwa ni ya mtu aliye mtoni kule chini. Wa kwanza kabisa kwenye foleni ya Colorado nzima wako kaunti hii hii, mji wa San Luis: mfereji unaoitwa San Luis People's Ditch, haki yake inahesabiwa tangu 1852. Waliouchimba walitokea New Mexico, wanasema Kihispania, mfereji wanauita acequia.

Mwezi wa nne mwaka juzi jirani alinipeleka kuuona siku ya kuusafisha. Nikasimama pale, machozi yananilenga. Ni mfongo! Mfongo kabisa, mfereji wa maji wa kijiji kama ile yetu ya mlimani Kilimanjaro. Watu na makoleo, kila familia na kipande chake, mzee mmoja anasimamia nani afunguliwe maji lini, asiyetokea anadaiwa. Nimekuja mwisho wa dunia "kujitegemea", nakuta wenye maji ni wale wanaotegemeana tangu 1852, na mimi wa kujitegemea naburuta trela. Basi nikaomba koleo. Haki ya maji sina na sitapata, ila tangu siku hiyo kila mwaka naenda, na kiangazi narudi na maboga na maharage ya kutosha.

Nilimrekodi Mama video ya ule mfereji, maji yanatembea, milima ina theluji nyuma, nikajua atasema pazuri. Akaitazama mara mbili.

"Huo mfongo una majani huku pembeni," akasema. "Ilikuwa zamu ya nani?"