Nani hasa hana kazi Malindi?

Asalaam aleikum wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango kama wanaotaka kutoroka. Sitawachelewesha.

Redio ikitangaza kwamba wasio na kazi Kenya ni asilimia 5 na kitu, watu hucheka. Cheka, lakini hesabu hiyo si ya uongo. KNBS, shirika la taifa la takwimu, hufuata kipimo cha kimataifa: ukifanya kazi ya malipo au faida hata saa moja katika siku saba zilizopita, una kazi. Hukufanya? Unaulizwa kama umetafuta katika wiki nne zilizopita. Ukiwa umechoka kutafuta, kwa kipimo hicho huhesabiwi miongoni mwa wasio na kazi. Umetolewa sokoni kabisa.

Sasa mchukueni mhudumu wa hoteli kule Casuarina. Pasaka ikipita, Waitaliano wanapanda ndege, hoteli inafungwa, mkataba umekwisha. Mei anashika tuktuk ya jirani kwa siku moja, maana mwenyewe ameenda mazikoni Kaloleni. Akishatoa petroli na hesabu ya tajiri, kinachobaki mfukoni ni cha unga na sukuma. Karani wa takwimu akimkuta wiki hiyo, kijana ana kazi. Akimkuta mwezi unaofuata yuko maskani, hatafuti, kwa sababu ajua milango yote imefungwa: hayumo hata kwenye orodha ya wasio na kazi.

Shida yetu Malindi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, ni kwamba riziki zetu hukauka kwa pamoja. Kaskazi ikivuma, wageni wapo, bahari imetulia, maembe ya Magarini yanashuka sokoni. Kusi ikiingia, hoteli nyingi zafunga na mashua ndogo haziwezi kutoka nje ya mwamba. Mvuvi anabaki pwani akishona nyavu. Aliye na shamba atapanda mahindi ya masika. Mpangaji wa chumba kimoja Maweni atapanda nini? Hata muuza sambusa ambaye hajawahi kukanyaga hotelini anauhisi upepo huo kwenye sinia lake. Na Mei ndiyo hiyo karo ya muhula wa pili. Nadhani aliyepanga kalenda ya shule hakuwa na mtoto Malindi.

Kumbukeni 2020. Robo ya kwanza ya mwaka, kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 5.2. Robo ya pili, korona imeshasimamisha ndege za kimataifa, kikaruka hadi 10.4, na nchi nzima ikapiga mayowe. Aprili, Mei, Juni. Robo hiyo hiyo hutubana sisi kila mwaka, korona iwepo isiwepo, na hakuna anayepiga mayowe.

Kwa hiyo naomba karani aongezewe swali moja: katika miezi 12 iliyopita, umelipwa miezi mingapi? Na serikali ya kaunti isisubiri majibu yote ndipo ianze. Vibarua vyake vya kuzibua mitaro, kusafisha fuo na kupanda mikoko upande wa Ngomeni, ivitoe kusi, mvua ikinyesha na mikono ikiwa mitupu. Ikivitoa Desemba, itakuwa inagombania watu walewale na wenye hoteli.