Pointi za Timu na Miguu ya Kijana: Kazi ya Kocha Mkuu wa Riadha wa Chuo Kikuu

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa elimu ya michezo,

Mmeniomba nizungumzie maisha ya kazi ya kocha mkuu wa riadha katika vyuo vikuu vya Marekani. Badala ya kuwazungumzia makocha wote kwa jumla, nimeona nimchukue mmoja, John Chaplin wa Washington State University, ambaye sehemu kubwa ya sifa alizozipata kazini ilitokana na miguu ya vijana waliozaliwa huku kwetu Afrika. Tukimwelewa yeye, tutawaelewa na wengine. Na jambo ninalotaka kulisema kuhusu kazi hiyo ni moja: kocha wa chuo halipwi kwa kuwafundisha watu kukimbia tu, analipwa kwa kuamua nani akimbie wapi, na mara ngapi, na uamuzi huo ndio unaomjenga au kumvunja kijana.

Chuo chenyewe kipo Pullman, mji mdogo mashariki mwa jimbo la Washington, katikati ya vilima vya mashamba ya ngano. Majira ya baridi huko huwa na theluji, na kijana wa California mwenye kasi ya mita 100 hana sababu ya kuliacha jua lake aende kuvaa koti Pullman. Chaplin alianza kama msaidizi wa Jack Mooberry, kocha aliyeiongoza timu hiyo tangu miaka ya 1940, na mwaka 1973 akakabidhiwa uongozi, akaushika hadi 1994. Hivyo ndivyo kazi hii inavyorithishwa kwa kawaida: mtu hukaa miaka kadhaa chini ya mkubwa wake, akipima mashimo ya mchanga ya kurukia na kupanga safari za basi, huku akijifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mazoezi.

La kwanza kati ya mambo hayo ni hesabu. Katika shindano la timu mbili, mshindi wa kila mchezo hupata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Kila kitu kinahesabiwa: tufe, mkuki, kisahani, kuruka kwa upondo, miruko mitatu, mbio fupi, mbio ndefu, na kupokezana vijiti mwishoni. Usiku wa kuamkia shindano, kocha mkuu hukaa na karatasi yenye majina ya vijana wake upande mmoja na ya wapinzani upande wa pili, akihesabu. Mkimbiaji wake bora akishinda mita 1500, ana pointi 5. Akimrudisha uwanjani saa moja baadaye katika mita 5000, huenda akapata 5 nyingine. Yule wa kuruka chini anaweza pia kuongezwa kwenye vijiti. Karatasi haina mahali pa kuandika kwamba paja la kijana limekaza. Chaplin alikuwa fundi wa hesabu hiyo. Kumbukumbu za chuo chake zinampa ushindi mara 202 na kushindwa mara 15 katika mashindano ya aina hiyo, na mwaka 1977 timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa riadha ya ndani ya ukumbi.

Naomba hapa niseme la kwangu, maana silisemi jambo hili kwa kulisoma tu. Nilipokuwa mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, nilikuwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyeweza kukimbia umbali wowote. Katika mashindano ya wilaya, tukiwa nyuma kwa pointi chache, nilimpanga mita 1500 asubuhi, mita 5000 mchana, kisha vijiti jioni. Uwanja ulikuwa wa vumbi, mistari imechorwa kwa chokaa. Alipopokea kijiti alikimbia vizuri hadi kona ya pili, nikamwona anapeleka mkono nyuma ya paja la kushoto, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Hakuanguka. Alimaliza akichechemea, akanikabidhi kijiti mkononi, akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi! Shule ilipata kikombe. Kijana hakukimbia tena mwaka ule, na mwaka uliofuata hakurudi kwenye timu. Tangu siku hiyo, nikisoma matokeo ya kocha yeyote, huanza kwa kutazama idadi ya mbio alizompa kila mtu.

Turudi Pullman. Kwa kuwa jua la California lilimshinda, Chaplin aliwatafuta wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka Kenya. John Ngeno alikuwa miongoni mwa waliotangulia, akatwaa ubingwa wa vyuo; wakafuata Samson Kimobwa na Henry Rono. Ufadhili wa masomo ulikuwa mlango halisi kwa vijana hao, kwani riadha ya wakati ule haikuruhusiwa kulipa waziwazi, na shahada ya chuo kikuu ilikuwa mshahara pekee ambao mkimbiaji angeweza kuonyesha nyumbani. Wapo Wamarekani walionung'unika kwamba watu wazima kutoka nje wanachukua nafasi za vijana wao wa miaka 18. Rono alifika mwaka 1976 akiwa na miaka 24, tayari ameshatumikia jeshi. Naliona lalamiko hilo kuwa na uzito kwa upande wao. Lakini walionung'unika hawakuuliza kijana huyo amefika na nini, na ataondoka na nini.

Tarehe 30 Juni 1977, huko Helsinki, Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27:30.5. Kisha ukaja mwaka 1978. Tarehe 8 Aprili, katika shindano la kawaida la vyuo mjini Berkeley, Rono alikimbia mita 5000 kwa 13:08.4. Gawanyeni wenyewe: mizunguko 12 na nusu, kila mmoja kwa takriban sekunde 63. Aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja na saa mkononi akiita muda wa kila mzunguko anajua maana yake. Unaita 63, unaita tena 63, na kufikia mzunguko wa nane sauti yako mwenyewe inaanza kutetemeka, kwa sababu unajua kinachotokea kabla watazamaji hawajajua. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, akakimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, viunzi 28 na maji mara 7. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000 kwa 27:22.4, akiifuta rekodi ya Kimobwa, mwenzake wa chuo. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3000 kwa 7:32.1. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na katikati yake akawashindia Washington State ubingwa wa vyuo wa viunzi na maji mjini Eugene. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na dhahabu mbili za Michezo ya Afrika kutoka Algiers, na mbili za Jumuiya ya Madola kutoka Edmonton.

Ndipo swali langu linaporudi. Mwili uliofanya hayo ulikuwa na mabwana wangapi? Chuo kilitaka pointi zake kuanzia majira ya baridi hadi Juni, na mbio za nyika wakati wa vuli, ambazo Rono alizishinda 1976, 1977 na 1979. Waandaaji wa Ulaya walimtaka kiangazi. Taifa lilimtaka kwa medali, ingawa Olimpiki mbili za wakati wake, Montreal 1976 na Moscow 1980, Kenya haikushiriki kwa sababu za kisiasa. Baadaye Rono mwenyewe alieleza waziwazi jinsi pombe ilivyomtawala na jinsi alivyotangatanga Marekani kwa miaka mingi bila makazi ya uhakika, kabla ya kurejea Kenya, ambako alifariki Februari 2024. Simtwishi Chaplin mzigo huo, wala mtu yeyote. Ninachokiona ni umbo la kazi yenyewe: kocha alikuwa na mwanariadha kwa misimu minne, na hakuna aliyeajiriwa kuushughulikia mwaka wa tano. Kocha anayeufikiria mwaka huo huufikiria kwa dhamiri yake tu.

Wala msidhani Rono alikuwa bahati ya mara moja. Julius Korir alikuwa mwanafunzi wa Pullman alipotwaa dhahabu ya viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Gabriel Tiacoh wa Ivory Coast, naye wa Pullman, katika michezo hiyo hiyo alipata fedha ya mita 400, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Na rekodi ya Rono ya viunzi na maji ilidumu miaka 11, mpaka Peter Koech, naye wa Washington State, alipoipita Stockholm mwaka 1989 kwa 8:05.35, tofauti ya sehemu tano za mia za sekunde. Mwaka 2000 Chaplin aliiongoza timu ya riadha ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki ya Sydney.

Watanzania hapa watauliza, na sisi je? Njia yetu ilipita Texas, katika chuo cha El Paso chini ya kocha Ted Banks, ambako walikimbia Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5000 huko Moscow, na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Mwaka 1981 timu hiyo ilishinda mbio za nyika za vyuo kwa pointi 17. Katika nyika huhesabiwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, na anayepata chache ndiye mshindi. Hata wangemaliza wa kwanza hadi wa tano, zisingepungua 15. Nyambui alirudi, akaja kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini.

Kwa anayetaka kuifuata kazi hii, ajue kwamba juu ya hesabu ile ya usiku kulikuwa na nyingine, ya ufadhili. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024–25, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, na kocha aliugawa vipande kwa watu wengi: huyu nusu, yule robo, mrusha mkuki ada ya vitabu tu. Kwa hiyo kabla kijana hajakimbia hatua moja, kocha alishaandika kwa tarakimu thamani anayompa.

Kwenye viti vyenu kuna karatasi yenye jedwali tupu. Andikeni humo majina ya wanariadha wa shule mnazofundishia mazoezi, na mbele ya kila jina muandike mbio alizokimbia tangu Januari, zikiwemo zile za bonanza na za kumfurahisha mgeni rasmi. Tuanze na yule mwenye nyingi kuliko wote. Tumtaje, tuseme ana miaka mingapi, kisha tuzihesabu pamoja.