Pua ya plazima na unyevu wa masika

BIUBWA: Asalaam alaykum wasikilizaji, tupo Chake Chake tena, mimi na kaka Khamis. Leo nna lalamiko. Nilinunua sensa ya gesi mtandaoni nikaiweka karibu na jamvi la karafuu za bibi, nione kama itanusa zikianza kuharibika. Siku za jua kimya. Mvua ilipotanda tu ikapiga kelele mpaka usiku, na karafuu zenyewe nzima kabisa!

KHAMIS: Unyevu huo dada. Hizo za bei rahisi nyingi ni oksaidi ya bati inopashwa moto, na unyevu unazisumbua sana. Mi nataka tuzungumze aina nyengine, ile inopakwa filamu ya polima, yaani utando mwembamba kama wa plastiki, kwa plazima, gesi ilopigwa umeme mpaka ikawaka.

BIUBWA: Inapakwaje?

KHAMIS: Una chemba, unavuta hewa kwa pampu ibaki kidogo sana, unaingiza mvuke wa kemikali, kisha unapitisha umeme wa mawimbi ya redio, mara nyingi megahezi 13.56, basi gesi inawaka kama taa ya tyubu, molekuli zinavunjika vipande na vile vipande vinashikana upya juu ya chochote ulichoweka mle ndani. Polima ya kawaida ni kama tasbihi, punje kwa punje. Hii ni nyavu iloshikana kila upande. Unene nanomita 100 tu na haina vitundu, na inang'ang'ania hata kioo.

BIUBWA: Sasa inanusaje?

KHAMIS: Unaipaka juu ya kristali ya kwatzi, ndugu yake ile ya kwenye saa, inatikisika mara milioni 5 kwa sekunde. Harufu ikiingia kwenye filamu uzito unaongezeka na mtikisiko unapungua. Sauerbrey, Mjerumani, alionesha hesabu yake 1959: kwa kristali hiyo, nanogramu 18 hivi kwa sentimita mraba zinapunguza hezi 1, yaani mtikisiko mmoja kwa sekunde. Na nanogramu ni gramu ukiigawa mara bilioni dada!

BIUBWA: Na maji?

KHAMIS: Hapo ndo penye kazi hasa. Ukitumia mvuke wa silikoni unapata filamu inokataa maji. Ukitumia wenye amini, kemikali za nitrojeni, inavuta asidi vizuri lakini na maji inayavuta. Halafu umeme ukiwa mwingi unaziunguza zile amini ulizozitaka, ukiwa mdogo au ukiuwasha na kuuzima haraka haraka zinabaki, ila filamu inakuwa laini na pengine inayeyuka. Kwa hiyo mi naona usitegemee filamu moja, weka nne tano tofauti, ulinganishe majibu yao.

BIUBWA: Na huo mvuke lazima uwe wa kemikali za dukani?

KHAMIS: Hata! Chuo Kikuu cha James Cook kule Australia wametengeneza filamu kwa mafuta ya ule mti wanaouita "tea tree" na ya lavenda.

BIUBWA: Wallahi? Basi na mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yajaribiwe!

KHAMIS: Ndo nnalotaka miye. Na yapimwe hapa hapa, mwezi wa nne, mvua inanyesha.