Neno "very" lilipokuwa kweli

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nina neno moja tu la Kiingereza: "very". Darasani tuliambiwa ni "sana", tukaandika, tukasonga mbele. Lakini neno hili halikuzaliwa na maana hiyo, wala halikuzaliwa Uingereza.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaitwaa Uingereza. Ikulu na mahakamani kukawa kunasemwa Kifaransa, na Kiingereza kikazoa maneno yao kwa mamia. Mojawapo ni "verai", yaani "-a kweli", lenye shina katika Kilatini, "verus". Ndugu zake mnawajua: "verify", kuhakikisha, na "verdict", ambalo asili yake ni "lililosemwa kwa kweli".

Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1549, kwenye Kanuni ya Imani, kina maneno "very God of very God". Ukitafsiri kwa "sana" unapotea kabisa. Ni lile lile tunalosali sisi: Mungu kweli kwa Mungu kweli.

Sasa, kweli iligeukaje kuwa sana? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye utamu. Chukua "mtu wa kweli, mwema". Sifa mbili zimekaa jirani. Siku moja msikilizaji anaisikia ile kweli imeegemea wema, si mtu: "mtu mwema kweli". Hakuna aliyepanga. Kufikia karne ya 15 matumizi hayo yalikuwa yameshaingia.

Lugha nyingine zilipita njia nyingine. Kiingereza cha kale kilikuwa na "swithe", lililotokana na nguvu. Wajerumani wana "sehr", na hili hunigusa kila nikilikumbuka: asili yake ni maumivu, ndugu wa "sore" la Kiingereza, kidonda. Mjerumani anaposifu chakula chako, ndani ya sifa hiyo kuna jeraha la zamani.

Nasi je? Kweli yetu hatukuikopa kwenye Kilatini, lakini tunasema "ameumia kweli", "amechoka kweli". Njia ile ile! Waingereza nao, "very" lilipochakaa, waliirudia kweli upya wakapata "really" na "truly". Sisi hatukwenda mbali. Kweli moja ilipopungua nguvu, tukaongeza ya pili: pilipili hii kali kwelikweli.