Kemikali za Ubongo Zinazotulaza na Kutuamsha

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu hulala kwa sababu mwili umechoka, na kwamba ubongo nao huzimika mpaka asubuhi. Nasimama mbele yenu kusema kwamba sivyo: kuwa macho ni kazi ya ubongo, kulala nako ni kazi ya ubongo, na kila kazi ina kemikali zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo aliwahudumia wagonjwa waliovimba ubongo kwa maradhi ambao wengi wao walilala usiku na mchana, ilhali wachache hawakupata hata lepe la usingizi. Alipochunguza ubongo wa waliofariki, aliona kwamba waliolala kupita kiasi walikuwa wameharibika upande wa nyuma wa haipothalamasi, eneo dogo lililo kwenye kitako cha ubongo, na waliokosa usingizi walikuwa wameharibika upande wa mbele. Akahitimisha kwamba upande mmoja hutuweka macho na mwingine hutulaza. Utafiti wa baadaye ulimthibitisha.

Upande huo wa nyuma ndiko ziliko seli zinazotoa histamini, mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Mtu mwenye mafua akimeza Piriton, baada ya muda kope humwia nzito, kwa kuwa dawa iliyokusudiwa kuzuia histamini ya puani hupenya mpaka ubongoni na kuziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea histamini inayomweka macho. Ndiyo maana mfamasia humkataza dereva kuimeza kabla ya safari, na katazo hilo lifuatwe.

Jirani na seli hizo kuna nyingine zinazotoa oreksini, kemikali nyingine ya kutuweka macho, iliyotangazwa mwaka 1998 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake. Seli hizi ni chache mno, lakini zikifa mtu hupatwa na nakolepsi: husinzia ghafla katikati ya mazungumzo, na pengine akicheka sana magoti humlegea akaanguka, huku akisikia kila kinachosemwa. Kumwita mtu huyu mvivu, au kusema ana pepo, ni kumdhulumu mgonjwa.

Seli za upande wa mbele hutumia kemikali iitwayo GABA kuzinyamazisha za nyuma, nazo za nyuma, zikiwa na nguvu, huzinyamazisha za mbele. Upande ukizidi nguvu huunyamazisha mwingine, na kwa hiyo hatukai muda mrefu kati ya usingizi na kuamka.

Kinachoupa usingizi nguvu kadiri siku inavyosonga ni adenosini, ambayo hujikusanya ubongoni seli zinapotumia nishati. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai haiiondoi. Huziba tu vipokezi vyake, na kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Anayekunywa kahawa saa 11 jioni hupanda kitandani saa 4 usiku akiwa na nusu ya kafeini ile, na hata akilala, usingizi wake huwa mwepesi. Kafeini ikipungua, adenosini iliyokuwa imezuiwa hushika vipokezi vyake, uchovu ukarudi wote, na wa kuipunguza adenosini hiyo ni usingizi wenyewe.